Wale Ambao Hawajamaliza Kuvuka

Jina la nchi hii haliruhusiwi kutamkwa na mtu aliyekaa. Sheria inamtaka msemaji asimame wima, mikono aibane mapajani na uso auelekeze Ikulu. Kwa kuwa wasomaji wengi husoma wakiwa wamekaa, na wengine wamejilaza kabisa, tutaiacha bila jina, asije mtu akashtakiwa kwa ajili yetu.

Ilikuwa nchi yenye furaha. Furaha ilikuwa na wizara yake, Wizara ya Vicheko na Utulivu, na waziri wake aliitwa Mheshimiwa Lukumbuja. Alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni na kuishia hukohuko tumboni bila kufika machoni.

Katika nchi hiyo aliishi mchekeshaji aitwaye Mdoe, na mdogo wake aitwaye Sengo. Walichekesha pamoja. Mdoe alikuwa mkwe, mwenye suruali fupi na woga mwingi. Sengo alikuwa mama mkwe, mwenye kanga mbili, kilemba kikubwa na sauti ya kuamuru. Mama mkwe aliingia, akakagua nyumba, akanusa sufuria, akauliza, "Huyu ndiye mwanaume au ni mlinzi wa mwanaume?" Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Watu walikuja kutoka pande zote mbili za mto kumwona mama mkwe yule, na hakuna aliyewahi kukamatwa kwa ajili yake, maana mama mkwe, hata katika nchi ile, hakuwa siri ya serikali.

Ndipo serikali ikajenga daraja.

*

Lilikuwa daraja zuri. Liliunganisha watu wa Juu na watu wa Chini, ambao tangu enzi za mababu walikuwa wakivuka kwa mitumbwi na kutukanana kwa upendo. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, ngoma zikapigwa, na Mheshimiwa Lukumbuja akahutubia kwa niaba ya Mkubwa, ambaye hakuhudhuria kwa sababu ya kazi nyingi za kuwa mkubwa.

"Daraja hili," alisema, "lina mwanzo imara na lina mwisho imara. Ni nchi chache duniani zenye daraja lenye vyote viwili."

Katikati ilikuwa haijajengwa. Katikati ilikuwa ya awamu ya pili.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu. Sengo alikuwa na gauni jipya la mama mkwe kwa fundi wa ng'ambo, na alitaka kulichukua kabla ya onyesho la harusi. Alipita pamoja na watu wengine waliokuwa wakienda sokoni, wenye vikapu na baiskeli. Walisifu ulaini wa sakafu. Mvuvi mmoja aliyekuwa chini alisema alisikia sauti zao zikicheka juu yake, kisha akasikia maji.

Mto ule una nguvu. Haukumrudisha hata mmoja.

Serikali haikukaa kimya, kama wachochezi wanavyodai. Ilitoa tamko siku ileile. Wataalamu walikuwa wamelikagua daraja na kulikuta halina kasoro. Kwa kuwa daraja halina kasoro, hakuna mtu anayeweza kuwa amefia pale. Waliopita asubuhi ile, tamko lilisema, walianza kuvuka kwa mujibu wa taratibu na hadi sasa hawajamaliza kuvuka. Ndugu zao wanaombwa kuwa na subira. Kuweka matanga kwa ajili ya mtu aliye safarini ni kumtakia mabaya, na ni kosa.

Mama yao Mdoe na Sengo alikuwa ameshatandika mkeka na kufunga kanga kiunoni. Balozi wa mtaa akaja, akavua viatu kwa heshima, akaukunja mkeka.

"Mama, nisamehe," alisema. "Kijana yuko njiani."

"Njiani kwenda wapi, baba?"

"Ng'ambo."

Balozi akavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto, akatoka hivyohivyo.

Tangu siku hiyo mama hakuomba kitu kingine kwa Mdoe. Hakutaka fidia, hakutaka mtu afungwe. Alitaka jina la mwanawe litajwe mbele ya watu kama linavyotajwa jina la mtu aliyekufa. Basi. "Wewe kazi yako ni kusimama mbele ya watu," alimwambia. "Lisemee huko."

*

Mdoe alirudi jukwaani peke yake. Ukumbi ulikuwa wa Bi Mwanamvua, mama mwenye moyo mzuri na masikio marefu, na siku ile ulijaa hadi madirishani. Watu walikuwa na hamu ya kucheka.

Akawapa mchezo wa daraja. Aliwaigizia fundi akimweleza bosi wake kwamba katikati imesahaulika, na bosi akijibu, "Kwani kuna mtu anaishi katikati?" Akaigiza waziri akikata utepe na kurudi kinyumenyume kwa tahadhari kubwa. Akaigiza mtu aliyeanguka akiwa bado hewani, anasimamishwa na askari anayetaka kujua kwa nini anashuka wakati kibali chake ni cha kuvuka. "Huyo mtu," akasema Mdoe, "ni mdogo wangu, anaitwa Sengo."

Ulikuwa mchezo mzuri, mzuri kuliko wote aliowahi kuutunga. Ukumbi ulikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Mtu mmoja alikohoa, na wenzake wakamtazama kwa hofu, wasijue kikohozi kile kilikuwa upande gani.

Nje, gizani kidogo kando ya choo, mwanaume mmoja alimvuta shati.

"Mjomba, ile kali! Nimecheka hadi mbavu zinauma."

"Sikukuona ukicheka."

"Nilicheka rohoni."

"Na mdomo?"

"Mdomo una majirani, mjomba."

Juma lililofuata nusu ya viti vilikuwa vitupu. Juma lililofuata tena walikuja watu wawili, na mmoja alikuwa amemsindikiza mwenzake. Bi Mwanamvua alikaa naye kwenye benchi la mbele, akifungua na kufunga mkoba wake.

"Mdoe mwanangu, hebu niambie. Mimi nimekukataza?"

"Hujanikataza, shangazi."

"Serikali imekukataza?"

"Bado."

"Basi tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba watu wanatoka kwao wakiwa na lile jambo kifuani, wanakuja hapa waliweke chini kidogo, na wewe unawasubiri mlangoni unawabebesha tena. Rudisha mama mkwe. Mama mkwe anapendwa."

"Mama mkwe hajamaliza kuvuka, shangazi."

Bi Mwanamvua akafunga mkoba. Alimlilia pale pale, lakini ukumbi hakumpa tena.

Mdoe alirudi nyumbani na hasira asiyojua aielekeze wapi. Angepigwa marufuku angejua la kufanya, kwa sababu mtu aliyepigwa marufuku hutembea kifua mbele. Yeye alikuwa amekimbiwa na watu waliokubaliana naye.

*

Sasa, katika nchi ile watu wa Juu na watu wa Chini walikuwa watani. Utani wao haukuwa wa midomo mitupu. Mtu wa Juu akifa, mtani wake wa Chini anakuja msibani na uhuru ambao hakuna mfalme aliyewahi kuwa nao. Anaweza kulizuia jeneza hadi apewe kuku. Anaweza kujilaza kaburini na kulalamika kwamba ni finyu. Anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na kuwatangazia watu ubahili wake. Hakuna wa kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani umeuvunja ukoo wako mwenyewe.

Mdoe alikuwa mtu wa Chini. Alikufa mzee mmoja wa Juu, kitandani kwake, kwa uzee wa kawaida, na Mdoe akaitwa kutimiza wajibu. Alifika, akalizuia jeneza, akadai kuku, akapewa. Kisha akainama kuzungumza na marehemu.

"Mzee, umeniudhi kwa mengi, lakini kwa hili nakusifu. Umefia kitandani. Ungefia darajani sasa hivi ungekuwa unaambiwa ongeza mwendo."

Makaburi yakalipuka kwa kicheko. Mjane mwenyewe alishika mbavu. Mchimbaji aliangusha sururu.

"Mdogo wangu Sengo anakusalimu. Alikwenda kuchukua gauni. Ukimkuta huko usimwambie kwamba amekufa, serikali haijamwarifu."

Wakacheka, na katika kicheko kile Mdoe alisikia kitu ambacho hakukisikia ukumbini hata mara moja: wanawake wawili nyuma ya umati walikuwa wakilia, na walikuwa wakitaja majina. Si la Sengo. Ya watu wao wenyewe.

Habari zikaenea. Kwenye msiba unaruhusiwa kucheka, na mtani anaruhusiwa kusema, na hata balozi wa mtaa hawezi kukunja mkeka wa marehemu aliyethibitishwa. Misiba ikafurika. Watu waliacha harusi kwenda kuzika watu wasiowajua. Ukiwapa pole wafiwa walikujibu, "Ahsante, Mdoe anakuja." Wazee wagonjwa wa Juu walituma watu kwa Mdoe kuuliza kama juma lijalo ana nafasi, ili wajipange. Mzee mmoja aliyepona ghafla alinuniwa na mtaa mzima.

Na kila mahali Mdoe alilitaja jina la Sengo, akarudi nyumbani kumweleza mama yake lilitajwa wapi. Mama alianza kula tena.

*

Mheshimiwa Lukumbuja alimwita ofisini. Hakuna aliyempiga. Alipewa chai yenye maziwa na kiti kinachozunguka.

"Mdoe," alisema waziri, "Serikali hii haina tatizo na kicheko. Nataka hilo lieleweke. Tatizo letu ni kicheko kinachoanza bila taarifa. Watu wetu wa takwimu wanasema wananchi wanacheka zaidi makaburini kuliko kwenye sikukuu za kitaifa. Unaona picha hiyo inavyokaa?"

"Inakaa vibaya, Mheshimiwa."

"Vibaya! Ni nani amekuruhusu kuidhihaki miundombinu?"

Hapo Mdoe akafanya kosa ambalo angelijutia kuliko yote. Aliogopa, na mtu wa kwao akiogopa hukimbilia mila. Akaeleza. Alisema yeye hadhihaki, anatania. Alieleza Juu na Chini, jeneza na kuku. Alieleza kwamba mtani anaweza kukufanyia jambo lolote, hata la kukuumiza, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Alieleza vizuri sana, kwa mifano, kama mtu anayemfundisha mgeni.

Waziri aliacha kunywa chai.

"Rudia hapo."

"Wapi, Mheshimiwa?"

"Hapo pa kununa."

"Mtani hakasirikiwi, Mheshimiwa. Akikufanyia ubaya, unacheka."

"Akikufanyia ubaya, unacheka," alirudia Mheshimiwa Lukumbuja, polepole, kama mtu aliyeonja asali. "Na mila hii ni yetu wenyewe? Haikuletwa na wazungu?"

"Ya mababu kabisa."

Waziri alisimama, akaja upande wa pili wa meza, akamkumbatia. Mdoe alitoka pale salama, asijue amekumbatiwa kwa lipi.

*

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, baada ya wimbo wa taifa, watu wakiwa bado wamesimama. Kwa kuenzi mila na desturi zetu, Serikali imejitangaza kuwa mtani wa wananchi wote, kuanzia sasa na kwa vizazi vijavyo. Wananchi wanakumbushwa heshima inayotakiwa baina ya watani.

Mambo yakawa mepesi. Mabomba yalipokauka, mkurugenzi wa maji alifika mtaani akicheka, akawapiga watu mabegani na kusema, "Tumewapata!" Zahanati ya kwanza kufungwa ilipachikwa kibao mlangoni: TUMEWATANIA. Mwanaume aliyeuliza dawa zimekwenda wapi alipelekwa mahakamani kwa kosa la kununa, na hakimu, ambaye naye alikuwa mtani, alimfunga kwa mzaha, miezi ya kweli.

Kuhusu daraja, Wizara ilitoa maelezo mapya. Ilikubali kwamba katikati haikuwepo. Ulikuwa utani.

Mama yake Mdoe aliyasikia maelezo hayo akiwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua hadi mchele wote ukawa upande wa makapi.

"Ni wewe uliyewafundisha?" aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali.

*

Kisha ikaja Sikukuu ya Utani wa Taifa, katika ukumbi mkubwa wenye viti vyekundu, na Mdoe akaalikwa kuwa mchekeshaji mkuu. Aliruhusiwa, akaombwa, na mwisho akaamriwa kusimulia habari ya daraja. Mwaliko ulisema asipunguze makali.

Akaona nafasi. Hapakuwa na ukumbi mkubwa kuliko ule, na redio ilikuwa ikitangaza moja kwa moja. Aliamua kutochekesha. Alipanda jukwaani bila suruali yake fupi, bila kofia ya uchekeshaji, amevaa shati jeupe alilolivaa siku ya kusubiri mtoni mwili wa Sengo uibuke.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema, "aliitwa Sengo."

Ukumbi ukaangua kicheko.

Alisubiri. "Alikwenda kuchukua gauni kwa fundi."

Kicheko. Mheshimiwa Lukumbuja alijipiga paja.

"Sichekeshi," alisema Mdoe. "Amekufa. Mliacha tundu katikati ya daraja na mdogo wangu akapita humo. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alipenda mihogo ya kuchoma. Amekufa, nawaambia."

Watu walijirusha huku na huku vitini. Hawakuwa na la kufanya, ndugu msomaji, usiwalaumu haraka. Itifaki haimruhusu mtu kuacha kucheka kabla ya Waziri. Waziri hakuweza kuacha kabla ya Mkubwa, na Mkubwa alikuwa akisikiliza redioni akiwa Ikulu, ambako hakuna mtu aliyeweza kuona kama anacheka au amesinzia. Basi wakaendelea. Wakacheka mpaka sauti zikakauka. Wakashika mbavu, wakainama, machozi yakaanza kuwatoka, kwanza ya maumivu tu.

Lakini mwili haujui itifaki. Machozi yakishafunguliwa hayaulizi yameitiwa nini. Mwanamke mmoja safu ya nne, ambaye mumewe alipita darajani na baiskeli, aliendelea kutikisika kama wengine huku mdomo wake ukisema "Ramso, Ramso." Jirani yake akamshika mkono naye akataja jina la mtu wake. Mdoe, kutoka jukwaani, aliona ukumbi mzima umelowa, mabega yanapanda na kushuka, na hakuweza tena kusema ni nani anacheka. Alitaja jina la Sengo tena na tena, kwa sauti ya kawaida, na kila alipolitaja ukumbi uliitika kwa kishindo.

Alishuka akiamini ameshinda.

Gazeti la serikali liliandika: WANANCHI WAFURAHI HADI MACHOZI.

*

Mheshimiwa Lukumbuja alimpigia simu mwenyewe. Kichekesho kilikuwa cha kihistoria. Mkubwa aliamka na kukisifu. Kitapigwa redioni kila asubuhi na kusomwa shuleni.

"Ila watu wa ufundi wamekata kidogo," alisema. "Lile jina. Ulilirudia mno."

"Sengo?"

"Ndiyo, hilo. Linachelewesha kicheko. Sasa tunasema 'mtu fulani.' Ukisikia utapenda, kinakwenda haraka."

Mdoe alikwenda wizarani kupinga. Walimpokea kwa vicheko, wakampiga mabegani. Alipiga meza, wakapiga meza pamoja naye. Alipolia, karani mmoja aliwaita wenzake waje waone namna bingwa anavyofanya mazoezi. Akatoka.

Siku hizi yuko mtoni, pale watu wanapopanda mitumbwi, maana daraja limehifadhiwa kama kumbukumbu ya ucheshi wa taifa na haliruhusiwi kukanyagwa. Hana kofia wala jukwaa. Anamfuata mtu mmoja mmoja foleni ikisogea.

"Samahani, dada," alimwambia jana mwanamke mmoja mwenye kikapu cha nyanya. "Nilikuwa na mdogo wangu aliitwa Sengo. Alifia pale."

Mwanamke akalitazama daraja, akamtazama yeye, uso ukamng'aa.

"Aa! Ile ya daraja! Tunaijua, wanangu wameikariri yote." Akacheka kwa moyo mweupe kabisa, akamwekea nyanya mbili mkononi kwa kumshukuru. Alipokwisha kupanda mtumbwi akageuka, akaona ni vizuri amshauri.

"Lakini kaka, usikasirike. Ile ya redioni ni nzuri zaidi. Hii yako ina jina, jina linaichosha."

"Najua, dada," alisema Mdoe.

Mtumbwi ukaondoka. Akamgeukia aliyefuata kwenye foleni, mzee mwenye mwavuli.

"Samahani, baba," alisema. "Nilikuwa na mdogo wangu. Aliitwa Sengo."